Unaandaa banda Nanenane Nzuguni? Anza kwa kuangalia maonesho ya dunia yalivyofanywa

Wadau wa Dodoma na jirani zetu wa Singida, najua wengi mnajipanga kupeleka zabibu, mvinyo, alizeti na karanga kwenye maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni, Dodoma. Kila Agosti naona mabanda yana vitu vizuri kweli ila watu wanapita tu, na inaniuma, maana haya mambo wenzetu walishayajaribu kwenye maonesho ya dunia tangu London 1851 na tunaweza kujifunza kwao bure kabisa.

La kwanza na kubwa kuliko yote: usieleze, onyesha. Kuna fundi anaitwa Elisha Otis, alikuwa na breki ya lifti ambayo wanunuzi hawakuichangamkia, basi mwaka 1854 kwenye maonesho ya New York akapanda juu ya jukwaa la lifti yake mbele ya umati, akainuliwa mpaka juu halafu akaamuru kamba ikatwe, watu roho juu, jukwaa likashuka kidogo tu likakwama pale pale. Baada ya hapo hakuhitaji kumshawishi mtu kwa maneno mengi, na maghorofa marefu ya leo yasingewezekana bila lifti watu wanayoiamini. Sasa wewe wa alizeti, bango lenye picha ya alizeti la nini? Leta mashine ndogo ya kukamua, watu waone mbegu inaingia, mafuta yanatoka huku na mashudu kule, mfugaji wa kuku atakuuliza mwenyewe bei ya mashudu. Wa zabibu, onjesha. Ila Agosti Dodoma upepo na vumbi havina huruma kwahiyo funika vyombo na weka maji ya kunawa.

Ukipangiwa kona mbaya usikate tamaa lakini usikae umejikunyata. 1876 huko Philadelphia, Alexander Graham Bell na simu yake alikuwa amewekwa pembeni, majaji wamechoka na joto wanataka kuondoka, kilichomwokoa ni kwamba mfalme wa Brazil, Dom Pedro wa Pili, alikuwa anamfahamu, akamwona akaenda kumsalimia na wengine wakafuata. Kwahiyo kabla ya maonesho wapigie wateja wako wa zamani, bwana shamba, mwalimu, mama lishe anayenunua kwako, wapange waje saa za watu wengi.

Bei nayo. London 1851 mwanzoni kiingilio kilikuwa cha wenye nazo, baadaye zikatengwa siku za shilingi moja, wafanyakazi wakamiminika kwa treni, mpaka wanafunga walikuwa wamepita watu kama milioni 6. Fungasha vipakiti vidogo vya bei ya chini, siyo kila anayekuja ana hela ya lita tano.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Maonesho hayo hayo ya dunia yana doa baya sana. 1897 Ubelgiji ilipeleka Wakongo 267 Tervuren, karibu na Brussels, wakakalishwa kwenye vijiji vya kutengenezwa ili Wazungu waje kuwatazama, saba wakafia kule na makaburi yao yapo mpaka leo. Nalisema hili kwa sababu na sisi tuna tabia ya kuwaleta kina mama wa Kigogo wapige ngoma ya muheme juani kutwa nzima kama pambo la banda, bila malipo ya maana na bila mtu kuwauliza neno. Ukiwaita walipe, wape kivuli na maji, na uwape maiki waeleze wenyewe ngoma yao ni ya nini na nani aliwafundisha.

Mwisho hesabu. London ilibaki na faida ya pauni kama 186,000, hawakuitafuna, wakanunua eneo South Kensington ambako leo yapo makumbusho makubwa. Kikundi chenu kikubaliane KABLA ya maonesho ni sehemu gani ya mauzo haigawanywi, iwe ya chupa na lebo au kufuatilia nembo ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Na muwe na daftari mezani, kila anayeonja aandike jina, namba na anachotaka, halafu mpigieni wiki hiyo hiyo akiwa bado anaikumbuka ladha.