Namna ya kumpendekezea mtu riwaya ya fumbo inayohusu familia na ugonjwa

Riwaya ya fumbo ambayo siri yake imefichwa wodini, kati ya ndugu wanaovutana juu ya matibabu ya mama yao, haifai kukabidhiwa mtu kwa haraka kana kwamba ni gazeti la jana. Hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni nadra kukuta familia ambayo haijawahi kuitisha kikao cha kuchanga pesa za hospitali, kwa hiyo huenda unayempa kitabu hicho ameyaishi yaliyomo kabla hajafungua jalada.

Mimi nililijua hilo kwa kukosea. Jirani yangu wa mtaani Kadutu, mama ninayemwita yaya, yaani dada mkubwa, aliniomba kitabu cha kumpitishia usiku alipokuwa akimlinda mtoto wake hospitalini. Nilimpa riwaya niliyokuwa nimeimaliza wiki hiyo, nikaisifu kwa ufundi wake, lakini sikumwambia kwamba katika sura ya tano mtoto anafariki. Siku ya tatu alinirudishia kitabu kikiwa kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge, na risiti ya farmasi imekunjwa pale alipoishia, kurasa mbili baada ya kifo hicho. Hakunigombeza. Alisema tu: "Ungeniambia, mdogo wangu, ningekingoja hadi turudi nyumbani."

Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya ni kutenganisha siri na maumivu. Nani aliificha faili, kwa nini binti mkubwa alidanganya, mzazi halisi ni nani: hayo usiyaseme hata ukibembelezwa. Lakini kama mtoto anakufa, kama kuna mimba inayoharibika, au kama mgonjwa anazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, mwambie msomaji mapema, tena kwa maneno ya wazi. Fumbo lililosukwa vizuri haliharibiwi na onyo hilo, kwa kuwa msomaji bado atataka kujua sababu na jinsi mambo yalivyofika hapo.

Kabla ya kuipendekeza, isome riwaya mara mbili. Mara ya kwanza utalia, na machozi huficha udhaifu mwingi. Mara ya pili rudi kwenye sura za mwanzo uone kama mwandishi aliweka vidokezo kwa haki. Chukua mfano wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao familia nyingi hapa kwetu huutaja kwa herufi mbili tu, SS. Mtoto huwa SS anaporithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja ana jeni moja yenye kasoro na moja nzima, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto wa namna hiyo. Mwandishi akikuonyesha karatasi ya maabara inayosema kwamba baba ni AA, yaani hana kabisa jeni yenye kasoro, huku mwana akiwa SS, amekwisha kuliweka fumbo mbele ya macho yako: ama baba siye, ama karatasi si yake, ama alipimwa muda mfupi baada ya kuongezewa damu ya mtu mwingine, jambo ambalo kweli huweza kupotosha kipimo. Riwaya inayotoa dokezo hilo mapema na kulijibu baadaye bila kuvunja kanuni za utabibu inastahili kupendekezwa. Ile inayomleta daktari mgeni katika sura ya mwisho ili aeleze kila kitu, iache rafuni hata kama ilikuliza.

Vitabu vingi vya aina hii vinatufikia kwa Kifaransa, na hadithi zake hutokea mbali. Mweleze msomaji kwa sentensi mbili jinsi matibabu yanavyolipiwa huko, kwa maana mara nyingi kisa chote kinaning'inia hapo. Marekani watu wengi hupata bima ya afya kupitia mwajiri, na mipango ya serikali ya Medicare na Medicaid, iliyoanzishwa mwaka 1965, huwahudumia hasa wazee na wenye kipato kidogo. Kwa hiyo mhusika anayeficha kwamba amefukuzwa kazi huenda anaficha pia kwamba mwanawe hana bima. Uingereza kuna huduma ya afya ya taifa tangu 1948, na mhusika wa London huhangaishwa zaidi na foleni ya kungoja upasuaji kuliko bili yake. Msomaji aliyezoea kulipia hata glavu kabla ya kuhudumiwa asipoelezwa hayo, ataona wahusika wanahangaika bure.

Maneno ya kupendekeza yawe machache, na yamlenge mtu mwenyewe. Mimi leo ningemwambia jirani yangu hivi: "Yaya, hiki kinahusu ndugu watatu na faili ya mama yao iliyopotea. Kuna mtoto anayekufa katikati, ndiyo maana nimengoja wako apone. Ukichoka, kiache, sitakuuliza."

Akikirudisha kwa hiari yake, usianze kwa kumuuliza kama amekipenda. Muulize ni ukurasa gani alianza kumshuku yule binti mkubwa, kisha mwache azungumze. Atakapokaa muda mrefu zaidi, iwe kwenye fumbo au kwenye familia, ndipo utakapojua kitabu cha pili cha kumtafutia.