Kabla hujapasua mipira, kubalianeni faulo

Ukikuta meza ya pool Majengo au Nkuhungu hapa Dodoma, usishike fimbo kabla hujauliza: mpira mweupe ukitumbukia, adhabu ni nini? Kuna meza ambazo mpinzani anapewa mipigo miwili. Kwa sheria za kimataifa za mipira 8, anauchukua mweupe mkononi na kuuweka popote mezani. Hapo mchezo unaweza kuisha, na hapo ndipo kelele huanza hela ikishawekwa.

Uliza na kuhusu mweusi, ule namba 8 unaoingizwa mwisho. Kimataifa, ukiukosa mweusi halafu mweupe ukatumbukia, ni faulo tu, bado uko mchezoni. Ikiingia yote miwili, umekwisha. Mitaani wengine watakuhesabia umefungwa kwa yote mawili. Faulo wanayoisahau wengi: umegonga mpira wako vizuri, lakini hakuna ulioingia wala uliogusa ukingo baada ya hapo.

Mengine ni ustaarabu. Usisimame nyuma ya shimo mwenzio akilenga, na chupa ya bia juu ya meza, jamani, hapana. Kwa vumbi letu la kiangazi, futeni mipira kabla ya kupanga.