Romeo na Juliet: namna ya kujibu swali la majaaliwa na hiari bila kuzungukazunguka

Swali lenyewe la mtihani ni hili: katika tamthilia hii ya Shakespeare, Romeo na Juliet, wapenzi wa koo mbili hasimu, wanaangamizwa na majaaliwa au na hiari, yaani maamuzi ya watu wenyewe? Nimesahihisha insha nyingi za swali hili, na nyingi huanza vilevile: "Katika tamthilia hii, majaaliwa na hiari vyote vina nafasi yake." Sawa, lakini wewe umesimama wapi? Msahihishaji anakusomea hilo tu.

Anza na dibaji, shairi la mistari 14 linalotangulia mchezo. Humo tunaambiwa kwamba nyota za wapenzi hawa zimekwenda kinyume nao na kwamba watakufa. Wanafunzi wakifika hapo hukimbilia "liandikwalo ndilo liwalo" na kufunga daftari. Usifunge. Tazama ni nani anayeambiwa: ni sisi watazamaji. Romeo na Juliet hawamo jukwaani, hawasikii neno. Na kujua mwisho wa jambo si kulisababisha. Wewe uliyesoma tamthilia mara ya pili unajua Juliet atajichoma kisu, na hukumpa wewe.

Sasa chukua karatasi, uigawe kwa mstari katikati. Upande mmoja weka yaliyotokea bila mtu kuyapanga: mtumishi wa Capulet, baba yake Juliet, asiyejua kusoma anamwomba Romeo, mtu wa ukoo hasimu, amsomee orodha ya waalikwa wa karamu ambako atakutana na Juliet, na Padri John, aliyebeba barua ya kumweleza Romeo huko Mantua alikofukuziwa kwamba Juliet amekunywa dawa ya usingizi tu na hajafa, anafungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni. Upande wa pili weka maamuzi. Mzee Capulet anaisogeza harusi kutoka Alhamisi hadi Jumatano. Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa na kuandika barua ile, anasikia kelele nje ya kaburi, anamsihi Juliet watoke, Juliet anakataa, naye anaondoka zake. Utaona upande wa pili unajaa haraka zaidi. Usihesabu tu, maana tauni moja inaweza kuwa na uzito kuliko maamuzi kumi.

Kuna kanuni moja ninayoisisitiza kuliko zote: mhusika akitaja nyota au bahati, tazama mikono yake imefanya nini punde, au inakwenda kufanya nini. Chukua tendo la tatu. Romeo ametoka kufunga ndoa na hataki kupigana na Tybalt, binamu ya mkewe. Anajitia katikati kuamua ugomvi, na rafiki yake Mercutio anachomwa kwa kupitia chini ya mkono wake. Hilo liandike upande wa ajali, sina ubishi. Kisha Tybalt anarudi, Romeo anamuua, ndipo analia kwamba amekuwa mchezo wa bahati. Lakini Mtawala wa Verona alikwisha kutangaza kwamba watakaozua tena ghasia mitaani watalipa kwa maisha yao. Romeo angeweza kumwachia yeye. Bahati inalaumiwa upanga ukiwa tayari umelowa damu.

Halafu nenda tendo la tano, onyesho la kwanza, na usiharakishe. Ningekuwa na aya moja tu ya kuandika, ningeiandika hapa. Balthasar, mtumishi wa Romeo, analeta habari kwamba Juliet amekufa. Romeo anazikaidi nyota kwa sauti. Balthasar anamsihi avute subira, kwa kuwa uso wake umebadilika. Romeo anauliza: huna barua yoyote kutoka kwa padri? Hana. Basi, si kitu. Alikwisha kuiulizia barua hiyo Balthasar alipoingia tu, kwa hiyo alijua padri angepaswa kuandika. Anaitaja kwa kinywa chake barua ambayo ingewaokoa, kisha hangoji hata usiku mmoja. Anayejidai kuzikaidi nyota anakwenda kutimiza sawasawa yale ambayo dibaji ilituambia.

Ndiyo maana mimi huwaelekeza wanafunzi kwenye haraka. Shakespeare aliichukua hadithi hii kwenye shairi refu la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambamo mambo yanachukua miezi. Yeye aliyabana yakawa ya siku chache, tangu Jumapili hadi alfajiri ya Alhamisi. Watu wanaamua wenyewe, ila hawapati nafasi ya kuambiwa ukweli kabla ya kuamua. Ukikubaliana nami, hoja yako ni hiyo. Usipokubaliana, nipinge kwa tauni. Ndiyo silaha yako nzuri zaidi.

Kabla hujaandika, uliza pia kila mmoja alikuwa na milango mingapi. Juliet hajatimiza miaka 14, na baba yake ametishia kumtupa nje asipoolewa na Paris, mchumba anayemtaka yeye baba. Yule muuza dawa wa Mantua anajua adhabu ya kuuza sumu ni kifo, lakini ana njaa, na Romeo ameshika dukati 40, sarafu za dhahabu. Anasema umaskini wake ndio unaokubali, si nia yake. Onyesho hili wengi huliruka, na sijui kwa nini, kwa kuwa swali lote la mtihani limo ndani ya jibu hilo. Hiari ya Romeo mwenye farasi na fedha si sawa na hiari ya huyu.

Ukishapata msimamo, uandike kwa sentensi moja yenye jina la mhusika na onyesho, uuweke mwanzoni. Maana ya majaaliwa kwa mujibu wa kamusi iache, msahihishaji anaijua.