Kuchapa picha kwa paladiamu (karatasi hupakwa chumvi za chuma na paladiamu, kisha humulikwa chini ya negativu): jana dakika 6 zilitosha, leo zinahitajika 12. Shida iko wapi?

Negativu ni ileile, taa ileile, lakini picha imetoka imefifia. Kabla hujanunua taa mpya, kagua chupa ya oksaleti ya feri, yaani ile chumvi ya chuma. Hiyo ndiyo inayoona mwanga. Paladiamu husubiri chuma kibadilike, kisha inageuka metali ndani ya dawa ya kusafishia picha, yaani oksaleti ya potasiamu.

Kwanza, dondosha tone la oksaleti kwenye kisahani cheupe, weka juu yake tone la ferisianidi ya potasiamu. Ikiwa buluu nzito, chuma kimeshageuka chupani na sehemu nyeupe za picha zitakuwa na utando wa kijivu. Achana nayo. Poda ya oksaleti hii hutofautiana hata ukipima gramu zilezile, kwa hiyo chupa mpya ni kipimo kipya. Iandike tarehe, ikae gizani.

Pili, changanya oksaleti ya feri na myeyusho wa paladiamu nusu kwa nusu. Karatasi ya inchi 5 kwa 7 hunywa takriban matone 12 kwa 12. Matone ya bomba moja si sawa na ya jingine; mimi nilihamia sindano ya mililita, maana nilichoka kubishana na matone.

Tatu, unyevu, na hapa ndipo wengi tunapoangukia. Karatasi iliyokauka sana hutoa weusi dhaifu. Ukishapaka, iache gizani muda uleule kila mara, tuseme dakika 30, chumba kikiwa na unyevu wa asilimia 50 hivi.

Mwisho, chapa filamu ya ngazi 21 (kipande chenye ngazi za weusi, kutoka angavu hadi nzito) pembeni ya picha. Zikionekana ngazi mbili pungufu kuliko kawaida, muda unazidishwa mara mbili.

Swali: Niko Tanga, unyevu haukatiki. Nifanyeje?
Jibu: Kausha kwa feni, kisha weka plastiki angavu nyembamba kati ya negativu na karatasi, zisigandane. Tumia plastiki hiyohiyo daima, nayo hula mwanga kidogo.

Swali: Jua linafaa?
Jibu: Linafaa sana, ila usiamini saa. Wingu moja tu linavuruga hesabu. Amini ngazi.

Swali: Dawa ya oksaleti ya potasiamu imechafuka, niimwage?
Jibu: Hapana, ichuje na uiongezee mpya. Ikiwa ya moto, picha huja nzito zaidi na yenye rangi ya kahawia, kwa hiyo shika digrii zilezile. Vaa glavu, ni sumu, na vyombo vyake visirudi jikoni.