Kukadiria mauzo ya mwendelezo wa filamu kubwa kwa kusoma uhakiki wa mapema

Juni 2022 nilisimama mlangoni nikaona wazazi wakiwarudisha watoto kwenye magari kwa sababu tiketi zimekwisha. Kosa lilikuwa langu. Kazi yangu ni kupanga ratiba ya jumba la sinema lenye kumbi tatu jijini Nairobi, na wiki ile Jurassic World Dominion ilikuwa imesifiwa na wahakiki wachache mno: karibu asilimia 29 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Nikaipa ukumbi mmoja, tena ule mdogo. Filamu hiyo ilifungua, yaani iliingiza wikendi ya kwanza, dola milioni 145 Marekani na Kanada, kisha ikavuka dola bilioni 1 duniani.

Tangu hapo nimeacha kusoma uhakiki nilivyokuwa nikiusoma. Hatua zifuatazo ndizo ninazotumia kila mwendelezo mkubwa unapokaribia. Nisipotaja dunia, takwimu ni za Marekani na Kanada, kwa kuwa huko ndiko studio hupimia filamu hizi wikendi baada ya wikendi.

Hatua ya 1: Andika namba yako kabla hujasoma uhakiki wowote

Chukua daftari. Andika filamu iliyotangulia ilifungua kwa kiasi gani na ni miaka mingapi imepita. Joker ya 2019 ilifungua kwa dola milioni 96.2. Kando yake weka makadirio ya kampuni za utafiti, ambayo huanza kuonekana wiki tatu au nne kabla ya filamu kutoka. Kampuni hizo huwauliza watu kama wameisikia filamu, kama wanaitaka, na kama ndiyo watakayoichagua kwanza. Kwa Joker: Folie à Deux ya 2024, makadirio ya mwanzo yalikuwa karibu dola milioni 70.

Kisha andika namba moja, ufunguzi unaoukadiria wewe, na tarehe. Ukianzia kwenye uhakiki, hutajua kamwe ni kiasi gani umekusogeza.

Hatua ya 2: Tazama kalenda

Nani ameiona kwanza, wapi, na zimebaki siku ngapi? Studio ndiyo inayoamua ni lini wahakiki wataruhusiwa kuchapisha. Ruhusa ikitoka mapema, mara nyingi ni dalili kwamba mwenye mali anaiamini mali yake. Ikicheleweshwa hadi saa za mwisho, mimi hupunguza matumaini, isipokuwa kwa filamu ambayo siri ya hadithi yake ndiyo inayouzwa.

Linganisha filamu mbili zilizopitia tamasha la filamu la Cannes. Top Gun: Maverick ilionyeshwa kwanza kwa wenye majumba ya sinema Las Vegas mwishoni mwa Aprili 2022, ikaenda Cannes tarehe 18 Mei, ikatoka Marekani tarehe 27. Sifa zilikuwa bado za moto watu waliponunua tiketi. Mwaka uliofuata, Indiana Jones and the Dial of Destiny nayo ilionyeshwa Cannes tarehe 18 Mei, lakini ikatoka tarehe 30 Juni. Wahakiki wa Cannes waligawanyika karibu nusu kwa nusu, na neno lao likakaa sokoni wiki sita bila kujibiwa. Baadaye wahakiki wengine waliipenda zaidi na asilimia ikapanda hadi karibu 70. Haikusaidia. Ilifungua kwa dola milioni 60.4, ilhali kuitengeneza kuligharimu karibu dola milioni 300.

Maneno yanayomwagika mitandaoni usiku wa zulia jekundu mimi siyahesabu kabisa. Walioalikwa karamuni hawaanzi kulalamikia pilau.

Hatua ya 3: Soma maneno, si asilimia

Hapa ndipo nilipoanguka, na ndipo ninapotaka utulie.

Asilimia ya Rotten Tomatoes si alama ya ubora. Ni hesabu ya wahakiki waliosema ndiyo. Ikifika 60 filamu inapata nyanya nyekundu, ikipungua inapata doa la kijani. Filamu ambayo kila mhakiki ameipa sita na nusu kwa kumi inaweza kufika asilimia 95 bila mtu hata mmoja kuipenda kwa moyo. Ndiyo maana natazama pia Metacritic, inayotoa wastani wa alama zenyewe. Ya kwanza ikiwa juu na ya pili ikiwa katikati, ujue una filamu isiyomkera mtu, na pengine isiyomfanya mtu ampigie rafiki simu.

Kisha soma uhakiki kumi mzimamzima ukiwa na swali moja: aliyeipenda filamu ya kwanza alikuwa amelipia nini, na je, hicho kitu kimo?

Kwenye Jurassic World Dominion wahakiki walilalamika kuhusu hadithi kuzagaa na wahusika kuwa wengi. Lakini mtoto wa miaka tisa analipia dinosauri, na dinosauri walikuwemo. Lawama zile hazikugusa alichokuja kununua. Kwenye Joker: Folie à Deux lawama zilikuwa za aina nyingine. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Venice tarehe 4 Septemba 2024, mwezi mzima kabla ya kutoka, na uhakiki mmoja baada ya mwingine ulieleza kwamba sasa ni filamu ya nyimbo na mahakama, na kwamba inampa kisogo yule yule aliyeishangilia ya kwanza. Kuna wahakiki waliousifu uamuzi huo kama ujasiri. Kwa mpangaji ratiba, sifa na lawama hizo zilikuwa zinasema jambo moja: bidhaa imebadilika.

Kwa hiyo nagawa malalamiko mafungu mawili. La kwanza ni “imetengenezwa vibaya”. La pili ni “si ile tuliyoipenda”. La kwanza mashabiki husamehe. La pili hawasamehe, hata filamu iwe imetengenezwa kwa ustadi.

Hatua ya 4: Sahihisha ufunguzi kidogo, pumzi sana

Pumzi ya filamu naipata kwa kugawanya mapato yake yote kwa mapato ya wikendi ya kwanza. Batman v Superman: Dawn of Justice ya Machi 2016 ilipondwa vibaya siku chache kabla ya kutoka, na bado ilifungua kwa dola milioni 166. Tiketi nyingi zilikuwa zimeshanunuliwa, na shabiki wa kweli hakubali kusimuliwa. Lakini wikendi ya pili ilianguka kwa karibu asilimia 69, ikamaliza na milioni 330. Pumzi yake haikufika 2. Top Gun: Maverick ilifungua kwa milioni 126.7, ikamaliza na zaidi ya milioni 718. Pumzi 5.7 kwa filamu ya ukubwa huo ni nadra sana.

Uhakiki wa fungu la kwanza ukiwa mbaya, mimi hupunguza ufunguzi kwa sehemu ya kumi hivi na kuipa pumzi 2 hadi 2.5. Ukiwa wa fungu la pili na umetoka mapema, napunguza ufunguzi kwa theluthi na pumzi naiweka chini ya 2. Ni kanuni ya mkono wangu tu. Irekebishe kwa soko lako.

Uhakiki mzuri nao usikuvimbishe kichwa. Furiosa ya Mei 2024 ilisifiwa na takriban wahakiki tisa kati ya kumi, ikafungua kwa milioni 26 tu. Hamu ikiwa haipo, sifa haziiumbi.

Hatua ya 5: Ijumaa usiku, wasikilize wanaotoka

Kampuni ya utafiti ya CinemaScore imekuwa ikiwahoji watazamaji wa siku ya kwanza tangu 1979, na hutoa daraja kuanzia A+ hadi F. Kumbuka wanaohojiwa ni wale waliokimbilia filamu, kwa hiyo B kwa mwendelezo mkubwa tayari ni homa. Top Gun: Maverick ilipata A+, na wikendi ya pili ikapungua kwa asilimia 29 tu. Joker: Folie à Deux ilipata D. Ilikuwa imefungua kwa milioni 37.7, karibu nusu ya makadirio ya mwanzo, na wikendi ya pili ikaanguka kwa asilimia 81.

Nami husimama mlangoni kwangu onyesho la saa mbili usiku linapotoka. Siulizi mtu kama ameipenda. Natazama kama watu wanabaki ukumbini wakibishana kuhusu tukio fulani, au kama wameshafungua simu kutafuta teksi. Kisha Jumatatu asubuhi, kabla msambazaji hajapiga simu kuomba kumbi za wiki ya pili, nafungua daftari kwenye ile namba niliyoiandika mwanzo, naandika chini yake kilichotokea, na naanza kuhamisha kumbi.