Namna ya Kuandaa Manemane kwa Ajili ya Fizi na Vidonda Vidogo

Manemane ni utomvu mkavu wa mti mfupi wenye miiba, Commiphora myrrha, unaoota katika sehemu kame za Somalia, Ethiopia, kaskazini mashariki mwa Kenya na Yemeni. Tangu kale watu wameitumia kutibu fizi zilizovimba, vidonda vya mdomoni na michubuko ya ngozi, na kwa maoni yangu hapo ndipo thamani yake ilipo hasa. Kuinywa kwa matumaini ya kuponya kila maradhi ni kuitwisha mzigo usio wake.

Nunua madonge badala ya unga, kwa kuwa unga ni rahisi kuchanganywa na gundi za miti mingine. Donge zuri lina rangi ya hudhurungi yenye wekundu na vumbi kwa nje, na likivunjwa hung'aa ndani, pengine likiwa na michirizi myeupe. Ukilisaga kwa matone ya maji, maji hayo hugeuka tui la rangi ya manjano. Ladha yake ni chungu, nao uchungu huo hukaa ulimini.

Kwa kuwa hunata kwenye kinu wakati wa joto, iweke kwanza kwenye friji kwa saa chache, kisha uitwange kidogo kidogo na kuichekecha.

Maji huyeyusha sehemu ya gundi tu, ilhali sehemu yenye utomvu mzito huhitaji alkoholi, ndiyo maana wafamasia huloweka sehemu moja ya manemane katika sehemu tano za alkoholi ya asilimia 90. Alkoholi hiyo lazima iwe salama kwa binadamu. Spiriti ya kuchomea ina sumu. Dawa iliyochujwa hutiwa mililita 1 hadi 5 katika glasi ya maji, mtu akasukutua na kutema. Kwa mchubuko mdogo uliokwisha kuoshwa, ipake kidogo kwa pamba safi, ukianza na sehemu ndogo ya ngozi, kwa sababu wapo wanaowashwa nayo.

Mjamzito asiitumie, wala anayemeza warfarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda asiinywe. Jeraha lenye kina, lililotokana na kung'atwa na mnyama au linalotoa usaha lipelekwe hospitali, na vivyo hivyo kidonda cha mdomoni kinachopita wiki tatu bila kupona.