Sato wakigoma kula msimu wa baridi

Wenye matangi ya samaki ambayo maji yake hulisha mboga kwenye kitanda cha kokoto, nyuma ya nyumba hapa Arusha, baridi ya Juni hadi Agosti ndiyo inayotuangusha. Maji ya tangi lililo wazi yanaweza kushuka chini ya nyuzi 20 usiku, na sato anataka 25 hadi 30. Akizubaa chini, wengi hudhani anaumwa na kumwongezea chakula. Hapo ndipo maji yanapochafuka: chakula kinaoza, amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, inapanda, na bakteria wa kwenye kokoto, wanaoigeuza kuwa nitreti ya kulisha mboga, nao wamezubaa kwa baridi.

Punguza chakula, lisha mchana maji yakishapata jua. Kilichobaki kikielea baada ya dakika kumi, kitoe kwa chujio. Jioni funika tangi kwa turubai. Pampu usiizime, samaki wanahitaji hewa hata wakiwa wamepoa. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo kipampu cha hewa cha betri kiwe tayari.

Nyanya zisubiri. Sukuma wiki, figili na saladi hazina shida na baridi hii.

Anayejaza kitanda kipya atafute mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, huku kwetu hayakosekani, ayaoshe mpaka maji yatoke safi. Kokoto za aina nyingine zidondoshee siki kwanza: zikitoa povu zina chokaa, zitapandisha pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda uchachu unapungua) na mboga zitageuka njano.